Nakala Mama Haiguswi

Jumanne, 4 Juni

Diski mpya zimeshafungwa kwenye kompyuta zote za maabara ya chuo. Tupu kabisa. Nimezijazia nakala mama — lile faili kubwa alilotengeneza bosi, ambalo miaka yote ndilo tunalojazia mashine. Ikajaa hadi mwisho, ikaandika imefanikiwa. Nikawasha. Skrini nyeusi, kamstari keupe kanapepesa. Zote! Na wanafunzi wana mtihani Jumatatu.

Bosi kasimama mlangoni, mikono mfukoni. Eti nimekosea mimi, nakala yake haijawahi kukataa. Nikamwomba tutengeneze nyingine. Nakala mama haiguswi, akasema. Kwake hakuna kinachoguswa. Ndiyo maana namwita Bwana Haiguswi — kimoyomoyo.

Jumatano, 5 Juni

Nimebadilisha nyaya. Nimebadilisha flashi yenye nakala. Nimejaza upya. Giza lilelile.

Bosi kasema zisipowaka kufikia Ijumaa jioni anamleta fundi wake wa nje, na mkataba wangu hauongezwi. Na alikuwa anatabasamu! Nikamjibu zitawaka.

Nyumbani mama kaniuliza hizo mashine zimenioa au vipi, maana chakula hakina chumvi na mimi nakula tu. Tukacheka mpaka machozi.

Alhamisi, 6 Juni

NIMEPATA! Bafuni, sabuni machoni.

Nakala ya bosi si ya diski nzima. Alinakili kipande chenye programu na mafaili tu, akaacha kile kidogo cha mwanzoni kinachoiamsha kompyuta. Diski za zamani zilikuwa nacho tayari, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Hizi mpya hazina kitu. Nani aziamshe? Kosa ni lake, halafu anayefungashiwa virago ni mimi? Thubutu!

Nimejaribu kukiunda mwenyewe hicho kipande. Inawaka nusu, inazima. Inatakiwa nakala ya diski nzima iliyo hai, na za zamani zote zimeshapondwa. Imebaki moja: ya kompyuta ya bosi. Alikataa ibadilishwe.

Nimemweleza yote kwa adabu. Kasema nisimfundishe kazi. Nikaomba niinakili tu hiyo diski yake. Haiguswi!

Ijumaa, 7 Juni

Kaenda kikaoni. Nimejifungia ofisini kwake na bisibisi yangu.

Diski yake iko mezani, kushoto. Diski tupu, kulia. Zote mbili nimeziunga kwa nyaya kwenye kompyuta yangu ndogo. Nimezibandika vikaratasi: KUTOKA, KWENDA. Nikizigeuza, utupu unaingia kwake na kazi zake zote zinafutika. Nikasoma vikaratasi. Nikasoma tena. Nikabonyeza NAKILI.

Naandika ili nisiikodolee macho skrini. Naogopa, sikatai. Ila aibu sina. Watoto wa watu wamesoma muhula mzima, wakae mbele ya skrini nyeusi kwa sababu ya kiburi cha mtu mmoja?

Asilimia arobaini.

Viatu vyake! Kikao kimekwisha mapema. Kitasa kinazunguka. Anauliza nani yumo. Nimemwambia ni mimi. Anataka nifungue sasa hivi. Nikichomoa sasa napata nusu nakala, na nusu tunayo tayari.

Nimemwambia ukweli, kwa sauti, mlango ukiwa kati yetu: bosi, nimeigusa.

Ngumi mlangoni.

Asilimia sitini na moja. Agonge.