Gari la Mbao za Mizinga

Nkoaranga, Meru
9 Juni 1957

Kaka Anaeli,

Shikamoo. Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, na nimeweka ahadi ya kukueleza yote bila kuficha, hata yale ambayo Baba asingependa niyaandike. Sisi ni wazima. Mama amepona kikohozi. Babu bado anapanda mitini kutundika mizinga yake, ingawa Mama humfokea kila mara. Je, wewe? Baridi ya Nairobi haikuumizi kifua?

Gari lako liko palepale kwenye banda la kahawa. Lile Fodi dogo lililopinduka Usa River, ukalivua bodi yake yote ukaacha chasisi, injini na magurudumu, sasa lina bodi mpya. Baba ameiunda mwenyewe kwa kufuata mchoro wako, na mabati ya alumini uliyotuma kwa basi yalifika bila kukunjika. Rafiki yangu Eunike alipoliona alisema linafanana na hori la ng'ombe lenye magurudumu. Nikamwambia huko Nairobi wako watu wanaoagiza magari ya namna hiyo kutoka Uingereza, yanakuja vipande vipande ndani ya makasha, nao huyaunga wenyewe na kushindana kupanda vilima. Akaniuliza, "Na kasha lenu liko wapi?"

Sasa habari mbaya. Jana Thomasi, dereva wa lori la ushirika, alilijaribu. Liliwaka mara moja, kuku wakatawanyika. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Lakini kwenye kile kilima kifupi cha mashine ya kahawa likahema, likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma, na Thomasi anapiga kelele, "Wekeni jiwe! Wekeni jiwe, jamani!" Watu wote walicheka isipokuwa Baba.

Baba akasema mbele yao: "Siku ya Mavuno gari hili lipande mpaka kanisani kwa nguvu zake, bila mkono wa mtu. Likipanda, Anaeli nitampa kile kiwanja cha Tengeru kando ya barabara ya Moshi, arudi ajenge karakana yake. Lisipopanda, nakitia kahawa, na yeye atie sahihi mkataba mwingine hukohuko."

Kaka, mkataba huo ni wa miaka mitatu. Sitaki ukae huko miaka mitatu tena. Gari lina ugonjwa gani?

Mdogo wako,
Aika

Nairobi
23 Juni 1957

Mdogo wangu Aika,

Marahaba sana. Kifua changu ni kizima, nalala na makoti mawili. Wasalimie Baba na Mama, na umwambie Babu kwamba hata huku nikila asali ya dukani namkumbuka yeye, maana haina ladha.

Nimecheka hilo hori mpaka fundi mwenzangu akaniuliza kama nimepokea mahari. Mwambie Eunike kasha letu lilikuwa mtaro wa Usa River.

Sikiliza. Wiki hii tumemaliza kuunga gari moja la makasha la mteja wetu. Injini yake ni ileile ya Fodi dogo, wala haina nguvu ya ajabu. Siri yote ni uzito. Kila kitu kisicho na kazi kimetolewa: milango, paa, hata bampa. Ndiyo maana linapanda kilima kama mbuzi.

Fanya jaribio hili. Mwombe Thomasi afungue boliti, mtenge bodi na chasisi. Bodi ya gari jepesi watu wawili huibeba kama kitanda na kuongea huku wakitembea. Niandikie ilikuwaje. Na uangalie, bila kumuuliza Baba kwa ukali, ametumia mti gani kwa kiunzi cha ndani. Mimi niliandika "mbao nyepesi", lakini namjua baba yetu.

Kaka yako,
Anaeli

Nkoaranga
14 Julai 1957

Kaka Anaeli,

Shikamoo. Hatujambo, ila mgongo wa Thomasi unauma, na sababu ni wewe.

Tulifungua boliti. Thomasi na mwalimu wa kwaya wakashika, wakanyanyua, hakuna kilichotikisika. Wakaitwa waimbaji wa besi wanne. Wale sita walifika mlangoni tu wakaitua, na Thomasi akasema, "Hili siyo gari, ni mimbari!"

Ni loliondo, kaka. Kiunzi chote na sakafu yote. Mti uleule mzito wa nguzo za nyumba yetu, ambao hata mchwa wanauogopa. Baba alikuwa ameutunza tangu nikiwa mdogo. Nilimuuliza polepole, kama ulivyosema, nikiwa nampa chai. Akanijibu, "Mwanangu wa kwanza nimpe mbao za kuoza? Watu waseme nimemjengea mtoto wangu kikapu?" Alikuwa amekupa kitu bora kuliko vyote alivyonavyo.

Siku tatu nilikwenda shule bila furaha. Kisha Ijumaa ya tarehe tano nikamkuta Babu anavuta mzinga kwa kamba juu ya mti, peke yake, na umri ule. Nikamuuliza, "Babu, kwa nini mizinga yako siyo ya loliondo?" Alicheka nusura aachie kamba.

"Wa loliondo angeupandisha nani, wewe? Huu ni mringaringa. Mwepesi, na haupasuki kwa jua wala mvua."

Nikamwomba aje aseme hivyo nyumbani. Alikuja jioni, akaketi, akamwambia Baba, "Nina mbao za mringaringa nilizoziweka kwa mizinga ya mwaka huu. Mjukuu wangu anataka kupanda mlima. Nyuki watangoja."

Baba aliinuka, akaelekea bandani. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema, "Aika, lete taa na nyundo."

Sasa ni mimi ninayeshika mbao anapopigilia. Bodi bado haijaisha, lakini jana mimi na Mama tuliinyanyua, na tulikuwa tunaongea.

Mdogo wako,
Aika

Nairobi
28 Julai 1957

Aika mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila usingizi hauji.

Msalimie Babu, mpe shikamoo zangu zote. Sikuwahi kuufikiria mringaringa, na nimelala chini ya mizinga ile utoto wangu wote.

Viti vitoeni, msuke kimoja kwa kamba za katani kama kitanda cha Mama. Dereva apande peke yake. Thomasi ni rafiki yangu, lakini asubuhi ya Mavuno asiguse chai wala kiporo. Kile kilima cha mashine siyo shida. Shida ni kona ya mwisho chini ya kanisa.

Bwana mwenye karakana hii ameniwekea mkataba mezani. Nimemwambia nitamjibu baada ya Mavuno. Sina la kufanya huku ila kungoja barua yako.

Kaka yako,
Anaeli

Nkoaranga
18 Agosti 1957

Kaka Anaeli,

Shikamoo, na shikamoo tena! Sote ni wazima, na Baba ni mzima kuliko wote. Naandika viatu vyangu vikiwa bado na vumbi.

Asubuhi Thomasi alikuja na njaa, akasema amefunga kama nabii. Aliketi kwenye kiti cha kamba, akawasha. Mara Baba akatokea amevaa koti lake jeusi, mkungu wa ndizi begani, sadaka yake ya Mavuno. Mkungu akauweka nyuma. Kisha na yeye akaingia, akaketi sakafuni.

"Mzee," Thomasi akasema, "Anaeli aliandika dereva peke yake."

"Anaeli yuko Nairobi. Twende."

Tuliwafuata kwa miguu, Mama, Babu, Eunike na nusu ya kwaya. Kilima cha mashine lilikipita kana kwamba hakipo. Babu akapiga kelele, "Nyuki wangu hao!" Watoto wakaanza kuimba. Lakini kwenye kona ya mwisho injini ikakohoa. Likawa linakwenda polepole kuliko mimi, mpaka nikalifikia. Kaka, mikono yangu ilikwishagusa bati.

"Aika! Mikono!" Baba akasema. Nikaiondoa. Nilikuwa nalia.

Thomasi hakugeuka. "Mzee, linaweza kubeba ndizi au wewe. Siyo wote wawili!"

Baba aliutazama ule mkungu. "Ndizi hizi nimemwahidi Mungu," akasema, akashuka likiwa linatambaa.

Gari likaruka mbele kama ndama aliyefunguliwa kamba! Baba akakimbia nyuma yake, koti linapepea, kofia mkononi. Sijawahi kumwona akikimbia. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Lilisimama mbele ya mlango wa kanisa na ndizi zake, hakuna mkono wa mtu uliolisukuma.

Mzee mmoja wa kanisa akamwambia Baba, "Lakini wewe ulishuka."

"Nilisema gari lipande," Baba akamjibu, huku akihema. "Nani alinisikia nikisema na mimi nipande?"

Baada ya ibada sadaka zikanadiwa, na mkungu ule aliununua Thomasi, kwa njaa yake.

Jioni hii Baba ametoa mbao zote za loliondo nje, anazifuta kwa kitambaa. Anasema mlango wa karakana hauna mlima wa kupanda, basi uwe mzito utakavyo. Kesho anakwenda Tengeru kupima msingi, na amenituma nikuulize jambo. Na mimi, nikimaliza darasa la nane mwezi wa Desemba, nina jambo langu. Nyundo niliyomletea Baba sijairudisha kwenye sanduku lake, naye hajaidai.

Basi usiutie sahihi mkataba ule, ila unijibu kwa basi la kwanza: mlango uelekee barabarani au mlimani, na je, ufunguo wa pili wa karakana utakuwa wangu?

Mdogo wako,
Aika