Niliitia tamponi kwenye glasi, ikavimba: mpwa wangu aogelee nayo vipi?

Shangazi wa gazeti, pokea salamu zangu, na msaada nauomba humu humu ndani ya barua, tusizungushane.

Kwanza ujue anayekuandikia si mtu wa mchezo, maana mji huu wote unakwenda haja kwa hisani yangu, mimi ndiye fundi bomba anayeitwa mafundi wengine wakishakimbia, na siku moja meneja wa hoteli ya ghorofa tisa alinipigia simu akilia, analia kabisa kama mtoto, nikamwambia bwana mkubwa futa machozi na usivute maji mpaka nifike, nikafika na waya mmoja tu na hoteli ikapona, na shule niliishia darasa la sita kwa sababu mwalimu mwenyewe aliona hana cha kuniongezea. Kwa hiyo mambo ya maji, kuziba na kuvuja, hakuna wa kunifundisha, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka ishirini na minne, anapakia sabuni kiwandani na ndiye muogeleaji wa mwisho katika timu ya kiwanda, yule anayeachiwa kumaliza mbio za kupokezana wenzake wakishachoka, na mashindano ya viwanda ni Jumamosi hii. Juzi nilikwenda kwa dada kufunga koki ya bafuni, nikakuta kwenye rafu boksi la tamponi, zile pamba za kuviringishwa zenye uzi ambazo wanawake wanazitia ndani wakiwa kwenye siku zao, na mimi nikazijua palepale, maana nilishakutana nazo kazini, ila mimi huwa nakutana nazo upande wa pili wa choo. Shangazi, niliwahi kuzibua bomba la nyumba ya wageni, nikavuta waya, zikatoka zimeshikana kama kumi hivi, zimevimba kila moja kama panya aliyelowa, na mikia inaning'inia, msaidizi wangu akaacha kazi siku ile ile akaenda kuuza viatu.

Nikatoka na boksi mkononi mpaka sebuleni, dada yangu yuko kwenye cherehani na mteja wake mmoja mnene anapimwa kiuno, nikauliza, "Hizi za nani?"

Dada hakuinua hata macho. "Za mpwa wako. Rudisha ulipotoa."

"Anafanyia nini?"

"Anafanyia wanachofanyia wanawake wote. Na siku zake zimeangukia wiki ya mashindano, ataogelea nazo. Rudisha, nimesema."

Shangazi, mimi nilipiga hesabu ya kifundi hapohapo, kwamba kama ndani ya bomba la inchi nne kile kitu kinavimba hivyo, je ndani ya binti mwembamba aliyezamishwa kwenye bwawa zima, si kitakunywa maji, kitavimba, kitapanda juu kwenye tumbo, kitafika kifuani, na mtoto atazama katikati ya mashindano kama godoro, watu wanapiga makofi wakidhani ni mbinu? Nikachukua glasi, nikajaza maji, nikaitumbukiza moja ili wajionee, na kweli ikavimba, ikafunguka kama ua, yule mteja mnene akasema "Mama yangu!" akakaa chini na pini zake zote kiunoni, akasimama haraka kuliko alivyokaa. Na mpwa wangu akaingia saa hiyo hiyo kutoka kazini.

"Mjomba, hiyo ni glasi yangu ya chai."

"Achana na chai! Tazama hii ilivyovimba, na hapa ni glasi moja tu. Bwawa la kocha wako lina glasi ngapi?"

"Mimi si glasi, Mjomba."

"Hata hoteli ile ilisema hivyohivyo!"

Akacheka, akadhani nafanya utani kama kawaida yangu. Lakini mimi sikulala kwa raha, nikamtengenezea kinga, washa ya mpira kama zile za kuzuia koki isivuje, nimeikata kwenye tairi la baiskeli, nikaizungushia tepu nyeupe ya bomba, kazi safi ambayo ningemtoza mtu pesa nzuri, nikampelekea nikamwambia hii unaipachika nje, haipiti hata tone. Akaitazama. Akaitupa juu ya paa la jirani, na anarusha vizuri, mkono wa kuogelea ule. Hapo nikaona hakuna namna, nikampigia simu kocha, nikamwambia mpwa wangu hataogelea, ana tatizo la bomba.

"Bomba gani?" kocha akauliza.

"La ndani," nikasema, nikakata.

Kocha akamtoa, mahali pake akamweka karani wa stoo, mwanamke mwema lakini anaogelea kama mtu anayetafuta funguo chini ya kitanda. Mpwa wangu alipojua alilia mpaka dada akazima cherehani. Ameyafanyia mazoezi mashindano haya mwaka mzima, alfajiri anaogelea, halafu anakwenda kusimama kwenye sabuni mpaka jioni. Na tangu siku ile haniiti Mjomba tena. Ananiita "Fundi." Ananiwekea chakula mezani anasema, "Karibu, Fundi," kama mtu aliyeniokota barabarani, mimi niliyembeba mgongoni kumpeleka kliniki! Sasa niambie, Shangazi, nimwache aingie majini afe nikiwa naitwa Mjomba, au nimzuie aishi nikiwa Fundi? Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha, ndiyo ileile iliyoandikwa kwenye kuta za mji mzima.

Ni mimi,
Mwenye Maji

*

Shangazi anajibu

(Mashindano yalikuwa karibu kuliko gazeti, kwa hiyo jibu hili nilimtumia kwanza kwenye simu yake. Nalichapa kwa faida ya wajomba wengine.)

Mwenye Maji, pole. Mapenzi yako kwa mpwa wako nayaona, tena yanaonekana hata kutoka juu ya paa la jirani. Sasa kaa chini unisikilize, na usishike kitu chochote mkononi.

Zile ulizozitoa kwenye bomba zilikuwa zimelala majini siku nyingi bila mtu. Hiyo ya kwenye glasi uliitupa majini uchi. Ndani ya mwili mambo ni mengine. Misuli ya mwanamke huibana tamponi na kuishikilia, na maji ya bwawa hayaingii kwa wingi kama unavyodhani. Haivimbi ikawa godoro. Na haipandi kokote, kwa sababu huko juu hakuna bomba la kuendelea, kuna mlango wa kizazi, tundu lake ni dogo mno, tamponi haipiti. Tumbo liko njia nyingine kabisa. Hukulisoma hilo kwa sababu uliondoka darasa la sita, usimsingizie mwalimu.

Kinachokunywa bwawa ni pedi. Pedi ikiingia majini inalowa, inajaa, haizuii kitu tena. Ndiyo maana waogeleaji huchagua tamponi, au kikombe cha hedhi kwa anayekiweza. Mpwa wako anajua anachofanya.

Nawaandikia na wasichana wanaosoma hapa. Nawa mikono kwanza. Chagua tamponi ndogo kabisa inayotosha damu yako, usichukue kubwa eti ikae muda mrefu. Weka mpya karibu na kuingia majini, na uzi uupenyeze ndani ya vazi la kuogelea. Ikikaa vizuri huisikii kabisa; ukiisikia inachoma au inasukuma, haijaingia vya kutosha, itoe uweke nyingine. Ukitoka majini badilisha, maana uzi umelowa na wenyewe. Usiitumie siku ambazo huna hedhi.

Hatari ya kweli ipo, Mwenye Maji, ila wewe uliitafuta kwenye glasi wakati iko kwenye saa. Tamponi ibadilishwe kila baada ya masaa manne mpaka manane, isizidi hapo, na isisahaulike ndani. Ikikaa mno inaweza kuleta ugonjwa wa sumu ya vijidudu, ni nadra lakini ni mkali: homa ya ghafla, kutapika, kizunguzungu, vipele kama ngozi iliyoungua na jua. Ukiona hivyo itoe, kimbia hospitali, na umwambie daktari wazi kwamba ulikuwa unatumia tamponi.

Jambo moja tu nakupa haki, nalo ni la kazi yako. Hazitupwi chooni. Zinafungwa kwenye karatasi, zinawekwa kwenye pipa la taka. Hilo lipigie kelele mji mzima.

Sasa kazi yako ya leo. Mpigie kocha kabla hujanywa chai, mwambie mpwa wako ni mzima na aliyekuwa na tatizo ni wewe. Usimweleze habari za bomba. Akiuliza, omba msamaha urudie. Kisha nenda dukani mwenyewe, ununue boksi jipya badala ya lile ulilochezea. Mpelekee mpwa wako, useme "nimekosa", unyamaze. Najua kunyamaza kutakuuma. Mwili wake ni wake, Mwenye Maji. Ukihitajika kuja kuurekebisha utaitwa, nami nakuahidi hutaitwa.

*

Ujumbe wa Mwenye Maji, uliofika Jumatatu

Shangazi, nimetii amri yako kama askari. Kocha nilimpigia, akaniuliza kama nimelewa, nikamwambia hapana, nimekosa, akasema nirudie, nikarudia, nadhani aliweka simu kwenye spika maana nilisikia timu nzima inacheka. Karani wa stoo alifurahi kuliko wote, alikuwa ameshaanza kuaga watoto wake.

Dukani muuzaji akaniuliza nataka saizi gani, nikajibu nusu inchi. Nikarudi na boksi sahihi baada ya mama mmoja kwenye foleni kunionea huruma. Nikampa mpwa wangu, nikasema "nimekosa", nikanyamaza mpaka masikio yakaniziba. Akanitazama sana. Akasema, "Kaa ule, Mjomba."

Na Jumamosi, Shangazi! Timu yetu ilikuwa ya nne alipopokezwa. Mpwa wangu aliingia majini bila kurusha tone, akawapita wawili kwa mpigo mmoja, akagusa ukuta akageuka kama samaki aliyesahau kitu nyumbani, akarudi akamaliza wa pili kwa upana wa kiganja, kiwanda kizima kimesimama, meneja wa kiwanda karusha kofia yake ikaangukia bwawani. Akatoka, akaenda kubadilisha nguo na mambo yake, akarudi mkavu anadai soda. Tangu jana nimeshawasimulia watu wa duka la vifaa, wa kinyozi, na wateja wawili ambao vyoo vyao bado havijazibuka.

Ila wewe nakwambia peke yako, na hili usilichape. Filimbi ilipolia nilifumba macho, nikajifunika na koti la dada, sikufumbua mpaka niliposikia jina la kiwanda kwenye kipaza sauti. Hayo ya samaki nimesimuliwa na karani wa stoo.