Kahawa ya Msiba wa Mgomba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, mguu umepunguza kukusumbua, na Mama naye hajambo. Mimi mwili ni mzima, Alhamdulillahi. Moyo ndio mgonjwa. Kwenye simu kila nikianza kusema nalia. Ndiyo maana nimeona nikae nikuandikie yaliyompata mume wangu Salimu huku Ulaya.

Salimu unamjua tangu siku za mgomba. Kila Msambweni walipowafunga mpirani nyinyi watu wa Gazi, yeye ndiye aliyetangulia mbele, begani gogo la mgomba lililovishwa sanda kama maiti, vijana wenzake nyuma wakilia kilio cha uongo hadi barazani kwako. Wakishaketi hawaondoki mpaka wafiwa, ndio nyinyi mliofungwa, watoe kahawa. Nawe hukuwanyima hata siku moja. "Haya, kunyweni," ulikuwa ukiwaambia, "leo mwanizika mimi, kesho ni zamu yenu." Nami dirishani nikimchungulia yule aliyelia kuliko wote, mpaka akaja kuniposa. Sheikh alikuwa akiwakanya, akisema mauti hayafanyiwi mchezo, tukamcheka.

Huku, Baba, mpira si ule. Mji una timu mbili. Salimu anaosha vyombo hotelini, na wenzake wa jikoni wote ni wa timu moja, naye akaipenda kwa kuwa jezi yake inafanana na ya Msambweni. Mwezi uliopita timu hizo zilikutana, yake ikashinda. Alikuja nyumbani mbio kama mtoto siku ya Idi, akatandua shuka nyeupe kitandani, akaviringisha blanketi ndani yake.

"Waenda wapi na shuka yangu?" nikamuuliza.

"Kuhani msiba. Nyumba ya wafiwa naijua, ni ile baa yao ya pale kona. Usinipikie, huenda wakanipa na tende."

Nilicheka, Baba. Hata nilimsaidia kuzifunga ncha, kichwani na miguuni.

Hatukujua kwamba ile baa ina kundi lake. Ni wanaume ambao mpira kwao ni kisingizio tu. Huwaalika wa upande wa pili wakapigane, kama watu wanavyoalikana harusini. Wala si vijana wasio na kazi, wamo mafundi, wamo wenye wajukuu. Siku hiyo timu yao imefungwa, hasira zimewajaa, na mume wangu akaingia na maiti begani, analia.

Aliyenieleza ni dada anayeuza pale. Anasema kwanza hawakuelewa. Salimu akaliweka blanketi sakafuni, akavuta kiti, akaketi. Akawatabasamia, akanyoosha mkono. Yule dada alidhani anaomba pesa. Mimi ndimi niliyejua kwamba alikuwa anangoja kikombe.

Walimpiga kwa viti, kisha mateke ya kichwa. Polisi akaniuliza, "Kilimpeleka nini kwao?" Nikamwambia alikwenda kuhani. Akaandika, kisha akaniuliza ni nani aliyekuwa amefariki.

Sasa ametoka hospitali. Kijiko anashika, kutembea anatembea, lakini jina langu mara nyingine humpotea. Mashabiki wakipita barabarani wakiimba, huingia nyuma ya kabati akajikunyata, mtu mzima yule. Daktari anasema huenda akarudi kama zamani, huenda asirudi, na kwamba mahali alipopazoea pangemfaa kuliko dawa. Nina uchungu, Baba, na hasira ambayo sijui niipeleke wapi.

Jambo moja tu hulisema bila kukosea. Kila akiamka hunishika mkono, akaniuliza, "Kahawa walitoa?" Nikimwambia walitoa, hutulia, akala.

Tunarudi kabla ya Ramadhani. Mama mkwe nimemwomba radhi, naye ameridhia nipitie kwanza Gazi, nimlete Salimu barazani kwako. Sijui kama atakujua. Umwambie Kaka Bakari, yeye ndiye kocha wenu, awazuie vijana wasije kutulaki kwa ngoma na vigelegele. Wewe usimuulize kitu, na tafadhali usimlilie.

Nisalimie Mama, na umwambie asiniandalie karamu. Nisalimie shangazi aliyenifunda, umwambie subira aliyonipa nimeitumia yote, anitafutie nyingine. Sheikh naye umpe salamu zangu, na aniombee.

Siku hiyo, Baba, uteleke kahawa mapema. Umketishe pale pale alipozoea, na akinyoosha mkono, umtilie. Kila asubuhi namdanganya mume wangu. Nakuomba uufanye uongo wangu uwe kweli.

Ni mimi binti yako,
Mwanasiti