Wati Arobaini na Tano Chini ya Godoro

Berea, Johannesburg
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Victorine,

Nakusalimu kwa heshima na upendo mwingi. Presha imeshuka? Miguu bado inavimba ukisimama sana? Naomba barua hii ikukute umeketi, umekula, na watu wa nyumbani wako karibu nawe. Huku tuko hai. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali, na kuta za majengo haya ya zamani haziachi kutoa unyevu.

Mjukuu wako Shekinah hajambo. Kifua kimepona na amerefuka. Kiswahili anakisikia, ila akijibu anajibu Kizulu.

Sasa, Shangazi, nina neno zito. Tulikuambia kwa simu kwamba moto uliomuunguza binti yako Murielle ulitokana na umeme wa jengo. Si kweli. Ulitokana na waya nilioufunga mimi, kwa mikono yangu.

Chumba chetu kimegawanywa kwa mbao, upande mmoja nalala mimi, upande wa pili Murielle na mtoto. Soketi iko kwangu peke yake. Mwezi wa sita aliniomba nimpelekee umeme, kwa sababu anawasuka wateja nywele pale na anahitaji jiko la umeme la kuchemshia maji ya kuchovya ncha za rasta. Waya wangu wa ekstensheni ulikuwa mfupi. Nikauunga na kipande kingine, nikasokota shaba kwa shaba na kuzungushia utepe, nikaupitisha chini ya godoro ili mtoto asijikwae. Kwa jiko peke yake hatukuona shida. Baadaye Shekinah akaanza kukohoa, na Murielle akanunua hita, akaichomeka pale pale.

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Julai, niliinua godoro nifagie, nikaukuta waya umepata joto kali. Nikachukua mita yangu ya kupimia umeme. Ampea kumi na tano zilikuwa zinapita kwenye waya ulioandikwa mwisho kumi. Nikapima volti kabla ya kiungo na baada yake, zikawa zimepotea tatu. Hesabu hiyo ni ya mwaka wa kwanza wa shule ya ufundi. Volti tatu ukizigawanya kwa ampea kumi na tano unapata ukinzani wa moja ya tano ya ohm, kitu cha kudharauliwa. Lakini tatu ukizidisha kwa kumi na tano ni wati arobaini na tano. Chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi kina nguvu hiyo hiyo. Hicho ndicho nilichokiacha chini ya godoro la sponji analolalia mtoto.

Nilimwambia Murielle asiwashe vyote viwili pamoja. Akaniuliza kwa upole azime kipi, maji ya wateja au joto la mtoto. Nikamwambia awashe tu, Jumatatu nitaleta waya mpya. Ile hesabu sikumwambia. Nilimwona amechoka, nikaona vibaya kumtia hofu.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kazini, kwenye duka la vitambaa ninalolinda mjini. Saa tisa mchana godoro likashika moto. Murielle alimtoa Shekinah kwanza, akamkabidhi Fauzia, jirani yetu Mtanzania, kisha akarudi kuuvuta waya utoke ukutani. Plastiki iliyoyeyuka ikamganda mkono wa kulia. Majirani walizima moto, na Fauzia akampeleka hospitali.

Daktari anasema vidole vitatu havitakunjika tena. Kusuka hawezi.

Wapangaji walimlaumu yeye, kwamba alikuwa anapika ovyo. Alipita mlango kwa mlango akiwaomba msamaha, mkono ukiwa kwenye bandeji, nami nilisimama nyuma yake nimenyamaza. Nilinyamaza zaidi ya wiki tano. Kila asubuhi nilivaa sare nikaenda kulinda mali za watu.

Alhamisi iliyopita nilishindwa. Nilimweleza yote, pamoja na zile namba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ulijua tangu lini?" Nikamjibu, tangu Jumamosi, siku moja kabla ya moto. Hakulia. Aliendelea kumlisha mtoto kwa mkono wa kushoto. Mimi nikazunguka milango ile ile kusema kosa lilikuwa langu. Wengine walifungua, wengine hawakufungua.

Shangazi, baba alipofariki wewe ndiye uliyenipeleka shule ya ufundi. Mtu asiyejua umeme angekuwa na la kujitetea. Mimi nilijua. Ukikaa muda mrefu bila kunijibu, nitaelewa.

Wasalimie Jocelyne na watoto wake, na Mzee Parfait hapo jirani. Mungu akushike siku utakapoisoma hii, na asikuache peke yako nayo.

Jana Murielle alisema nami kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Mwandikie mama," alisema. "Mimi siwezi kushika kalamu." Nikamuuliza niandike nini. Akasema niandike vile vile nilivyomwambia yeye. Leo ameisoma barua hii yote, akanirudishia bila kuongeza neno.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Placide