Wenyewe wa Zimara

Alhamisi, 3 Julai 1975
Mazoezi ya mchezo wa kuigiza tena baada ya masomo. Jua kali, watoto wana njaa. Wavamizi wanacheka badala ya kutisha. Nimewapaka masizi usoni, wakacheka zaidi.

Sayari yangu ya Zimara ina majua mawili na visima vya maji matamu. Wageni wanashuka na vyombo vya chuma, wanasema wamekuja kulinda visima. Mwishowe wenyeji wanafukuzwa. Msichana wa mwisho kuondoka anawageukia wageni: "Mmechukua nyumba. Hamjachukua wenyewe." Basi, mchezo umeisha. Nimeutunga likizo nzima. Sijawahi kuipenda kazi yangu hivi.

Candiru ndiye msichana huyo. Anatoka Dadamu, anatembea kila siku mpaka hapa shuleni Mvara. Baba yake alikuwa sajini. Mwaka jana gari la jeshi lenyewe lilimchukua kambini, hajarudi, na hakuna anayethubutu kuuliza. Leo aliposema maneno yale hata wavamizi waliacha kucheka.

Jumanne, 8 Julai
Kapteni wa kambi ya jeshi amekuja shuleni. Ndiye mgeni rasmi siku ya sherehe ya shule, ametaka kuuona mchezo mapema. Mwanzoni alifurahi. Kiswahili sasa ni lugha ya taifa, na watoto wanakisema vizuri. Mwisho akauliza hao wavamizi ni akina nani. Nikasema ni viumbe wa nyota nyingine, wana macho matatu.

"Mbona wanavaa buti?"

Watoto waliziazima kwa baba zao, askari wa kambini.

Kisha akanisemesha kwa Kinubi, lugha ya nyumbani kwetu, kwa upole. Ni mtu wa Koboko kama mimi, anamjua mama yangu. Dada, wewe ni wetu, akasema. Nina hasira. Wetu nani? Babu yangu Mnubi alikuja huku na bunduki, askari wa Mwingereza, sawa. Mimi nimekuja na chaki.

Jumatano, 9 Julai
Mwalimu mkuu ameniita. Ameshabadilisha mwisho. Wavamizi sasa ni wakombozi. Msichana anapiga magoti na kusema, "Karibuni, wakombozi wetu." Nikamwambia hiyo si Zimara.

"Mwalimu Hawa, hiyo ni sayari ya uongo. Unataka tufe kwa ajili ya sayari ya uongo?"

Mwoga. Ana watoto wadogo, najua kwa nini anaogopa. Namchukia hivyo hivyo.

Jumatatu, 14 Julai
Candiru amekataa. Hakulia, hakubishana. Alisimama tu, hakukunja magoti. Mwalimu mkuu akamchapa mbele ya wenzake. Nikaidaka fimbo. Nikaambiwa nitoke nje. Nikatoka! Nilipaswa kuivunja.

Jioni mama yake alikuja kwangu. Anauza samaki wakavu sokoni Arua. Hakutaka kukaa.

"Mwalimu, mtoto yangu iko nasema hapana. Baba yake walichukua. Sasa wanataka yeye apige magoti kwa hao hao? Akipiga, mimi nakufa. Asipopiga, yeye anakufa. Wewe ndiye uliandika hii maneno. Sema, nifanye nini?"

Nikasema ampeleke mbali. Rahisi kusema. Mimi nabaki na mlango wangu na kitanda changu.

Alhamisi, 17 Julai
Candiru haji tena. Meza ya mama yake sokoni iko tupu. Wanasema wamevuka mpaka, wako Aru, upande wa Kongo. Nafasi yake amepewa binti wa karani. Anapiga magoti vizuri sana.

Nimetunga watu wa kufukuzwa, na sasa mtu amefukuzwa kweli. Nataka kupiga kitu. Nimefua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Jumamosi, 19 Julai
Sherehe. Magoti. "Karibuni, wakombozi wetu." Uwanja mzima makofi, wazazi, walimu, wote. Nikaacha mikono mapajani. Kapteni aligeuka akaniangalia. Hakuondoa macho.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kando yangu. "Piga, Hawa. Nakuomba, piga."

Sikupiga. Si ushujaa. Ningeifungua mikono ningepiga kelele.

Jumatano, 23 Julai
Nimehamishwa. Shule ya Lurujo, huko Koboko. Mwalimu mkuu aliniambia huku akiangalia dirishani. Kapteni alitaka jambo baya zaidi, anasema, lakini alimkumbuka mama yangu. Nishukuru, anasema.

Sishukuru. Candiru hana mama anayekumbukwa na kapteni. Kwa hiyo mimi napata uhamisho, na mtoto anapoteza nchi. Nimefunga godoro na sufuria. Makaratasi ya Zimara yamebaki kwa mwalimu mkuu. Ayatafune.

Jumamosi, 13 Septemba
Soko la Koboko, tope tupu. Mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge akaniuliza kama ni mimi mwalimu aliyekuwa Mvara. Anakaa Aru, ua mmoja na Candiru na mama yake. Wako wazima. Mama yake amepata mahali pa kuuzia samaki. Mtoto hajapata shule. Jioni anakusanya watoto wa pale anawasimulia Zimara.

Nikauliza inaishaje.

"Haiishe, mwalimu. Kila siku iko naongeza. Wale batu ya Zimara walifika kwa nyota ingine, wanalima muhogo. Jana mutu moja alizaa mutoto. Watoto yote ya kwetu walianza kugombana juu ya jina."

"Wakampa jina gani?"

"Bado. Leo ndiyo watachagua."

Mimi sikuandika hayo. Sikufika huko kabisa.

Nikamwomba amsalimie Candiru. Nikanunua viazi vitamu. Gari la Lurujo halikuja, nikaenda kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika. Watu walikuwa mashambani, wanavuna karanga, wakanisalimia mmoja mmoja. Nikawaitikia.