Gari Lisilonguruma Nalo Lina Beringi

Bredäng, Stockholm
Jumapili mchana

Baba yangu, shikamoo.

Hujambo wewe na wote hapo Kihonda? Nijibu kweli, usiniandikie "mimi mzima tu" halafu Mama aniambie uliinama kuokota spana ukashindwa kuinuka. Magoti vipi? Presha ya Mama imeshuka? Na masikio je? Shaibu ananiambia simu umeiacha kabisa, unadai inanong'ona. Nami nakumbuka Idi iliyopita nilivyokupigia, nikakuuliza umekula nini, ukanijibu "Marahaba." Ndiyo maana nakuandikia. Karatasi hainong'oni.

Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Salma ana miaka kumi na sita, kanipita urefu, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Kiswahili anakitoa akikasirika tu, na hapo ni wewe mtupu.

Barua yako imenifikia. Nimeisoma mara tatu: ya kwanza nilicheka, ya pili nilikasirika, ya tatu nikatafuta kalamu. Umeniandikia kwamba mdogo wangu Shaibu anataka kona ya gereji atengeneze bodaboda za umeme, na wewe umemwambia kona hiyo ataipata ukishazikwa. Umeniandikia kwamba gari lisilonguruma ni friji lenye magurudumu. Tena umesikia kuwa mabosi wangu wameninyang'anya spana wakanipeleka kuhesabu matairi, basi ukaona umepata ushahidi. "Mwambie mdogo wako hata Ulaya yamewashinda, kisha rudi nyumbani, dizeli inakusubiri."

Baba, sirudi. Na Shaibu simwambii neno hilo ng'o. Sasa kaa vizuri kwenye lile tairi lako la trekta nikueleze, maana aliyekupa habari kakupa nusu.

Kwanza haki yako nakupa. Usidhani huku wamekubaliana. Gereji yetu ya Jordbro kila wakati wa kahawa ni mabishano. Kuna wanaosema betri haipendi baridi, na ni kweli, Januari gari linalokwenda mbali kiangazi linakata pumzi nusu ya safari. Kuna wanaosema madini ya betri yanachimbwa kwa mateso ya watu wa Kongo, na hilo nalo sina ubavu wa kulikana. Nyumbani nako Salma kanishika koo: "Mama, dizeli inaua dunia." Nikamwambia, wewe mtoto, dizeli ndiyo iliyomlea mama yako mpaka akakuzaa, iheshimu. Akaniambia kwa Kiswidi kwamba kuheshimu si kuendelea nayo. Nikaenda kuosha vyombo.

Kwa hiyo mimi si mpiga debe wa mtu. Nilichokataa ni kimoja tu: kuambiwa kwamba mimi si fundi. Sikubali kuambiwa na wao, na wewe pia sikubali uniambie.

Ilikuwa hivi. Gereji yetu inahudumia magari ya kusambaza vifurushi. Nilipoanza yote yalikuwa ya dizeli, na jina langu lilivuma. Gari likikohoa, waliita Zuhura. Nilikuwa natoa ile bisibisi yako ndefu ya mpini mwekundu, uliyonipa siku naondoka, naweka ncha kwenye injini na mpini sikioni kama ulivyonifundisha, nasema nozeli ya tatu haipulizi mafuta vizuri. Wanafungua, nozeli ya tatu. Mzee mmoja hapo, Lasse, fundi wa miaka mingi anayekaribia kustaafu, alikuwa akinipigia saluti kwa kijiko cha kahawa.

Halafu magari ya umeme yakaanza kuingia, mawili, matano, mpaka ya dizeli yakabaki kona moja. Msimamizi wetu Henrik akatuambia kila mtu asome kozi ya umeme mkubwa, na asiye na cheti asiguse gari lenye nyaya za rangi ya chungwa, kwani zile zinaua. Nikajiandikisha. Kozi yenyewe ni Kiswidi kigumu cha vitabuni, mimi kusoma darasani niliacha zamani. Mtihani wa kwanza nikaanguka. Ndiyo, Baba, nilianguka, na Shaibu hilo hakukwambia kwa sababu nilimkataza.

Siku hizo ndipo akaja Espérance. Huyu ni dada wa Bukavu, anakaa Sundbyberg, dereva wa moja ya hayo magari. Hiyo ilikuwa mara yake ya pili kulileta. Anasema linalia, wanaunganisha kompyuta, kompyuta inasema hakuna kosa, wanamrudishia. Mara ya pili kijana mmoja akamwambia labda ni redio. Akanifuata mimi kwenye kona yangu ya dizeli, machozi karibu.

"Dada Zuhura, ile gari iko inalia, je te jure, nakuapia. Nikipita kwa barabara kubwa, inalia kama mutoto wa njaa. Benyewe banasema niko na wazimu."

Nikamwuliza linalia ukikanyaga pedeli au ukiachia. Akasema nikiachia. Kinacholia ukiachia nakijua toka nina miaka kumi na miwili.

Gari lilikuwa juu kwenye lifti, kijana mmoja ndani anazungusha matairi polepole. Nami, Baba, mkono ukaenda wenyewe mfukoni. Nikachomoa bisibisi, chuma kitupu, nikaweka ncha kwenye mwili wa mota, sentimita chache kutoka kwenye nyaya za chungwa, nikainamisha kichwa.

Henrik alipiga ukelele ambao nadhani hata wewe ungeusikia. Gereji nzima ilisimama. Alinivuta bega, akachukua bisibisi, na mbele ya watu wote akaniuliza kama nataka mtoto wangu apelekewe jeneza. Kosa langu nalikiri. Sikuwa na cheti, na pale si pa kuchomeka chuma. Kama angeishia hapo ningeomba radhi na yakaisha. Lakini akaongeza: "Zuhura, hizi si injini zenu za zamani. Hapa masikio hayana kazi tena." Kesho yake nikapelekwa stoo ya matairi.

Injini zenu. Maneno hayo niliyameza.

Wiki tano nilipanga matairi. Mafundi walikuwa wakipita wanachungulia, wananisalimia kwa huruma, nami nawaambia tairi namba fulani liko rafu ya pili. Nyumbani nikamweka Salma mezani, nikamwambia wewe ndiye mwalimu wangu, nisomee kitabu hiki. Mtoto ana roho ngumu! Nikikosea anagonga meza kwa kalamu. Tulisoma mpaka maneno yale marefu ya Kiswidi nikawa nayasema kwenye treni peke yangu, watu wanahama kiti. Mtihani wa pili nikapita. Salma akanikumbatia akasema "Hongera, mama," kwa Kiswahili, bila hasira. Nililia kama mjinga.

Wakati wote huo nilikuwa nawaza kitu kimoja. Walichokataa ni chuma. Sauti hawajaikataa. Basi pale stoo palikuwa na ufagio mzee. Nikakata mpini wake, nikaupiga msasa ncha zote mbili, nikaukausha juu ya bomba la kupashia joto. Mti mkavu haupitishi umeme, hilo lipo hata kwenye kitabu chao. Sauti je? Nikaujaribu kwenye kompresa ya upepo ya pale stoo. Baba, nilisikia valvu zinavyopumua, moja baada ya nyingine.

Gari la Espérance likarudi mara ya tatu, na yeye kaja na sura ya vita. Nikavaa ovaroli safi, nikashika cheti mkono mmoja, mpini wa ufagio mkono mwingine, nikaenda kusimama mbele ya Henrik.

"Nina cheti. Huu ni mti. Nipe dakika tano."

Vijana wakaanza kucheka, mmoja akauliza nataka kufagia gari. Henrik akautazama ule mti, akakunja mikono kifuani, akasema haya. Nikavaa glavu, gari likapandishwa, matairi yakazungushwa. Nikaweka mti kwenye mota mbele: safi. Katikati: safi. Nikasogea nyuma, pale shafti inapoingia kwenye gia, nikamwambia kijana aachie pedeli.

Krrr, krrr, krrr.

Ah, Baba! Ni ile ile! Sauti ile ile ya beringi iliyokula mchanga, kama mtu anayesaga mtama kwenye chumba cha pili. Umenisikilizisha mara ngapi mimi ile sauti kwenye malori ya Mikumi? Nikashusha mti nikamwambia Henrik, "Beringi ya nyuma ya mota. Fungua." Akaniambia kompyuta haioni kitu. Nikamwambia kompyuta haina masikio, mimi ninayo mawili, fungua.

Walifungua. Gololi zimechubuka, njia yake imeingia vishimo, mafuta yake yamekuwa meusi. Espérance alipiga kigelegele cha kwao, akamgeukia yule kijana wa redio akamwuliza, "Voilà, redio yenyewe ndiyo hii?"

Henrik hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Aliishika ile beringi muda mrefu, kisha akaniuliza kama naweza kuwafundisha wale vijana wawili kusikiliza. Nikamwambia naweza. "Lakini sitamfundisha mtu yeyote nikiwa mtu wa matairi. Uniandikie kwenye karatasi, kwa jina langu lote, kwamba mimi ni fundi wa magari ya umeme, na unirudishie bisibisi ya baba yangu." Macho sikuyashusha. Ijumaa ya wiki ile ile karatasi ikatoka. Bisibisi ameiweka mwenyewe kwenye meza yangu, imefutwa mafuta.

Kwa hiyo nisikilize na wewe. Unanitaka niseme umeme umewashinda watu ili umfungie Shaibu mlango. Sisemi. Unasema umeme wenyewe hapo unakatika, sawa, unakatika. Na petroli haikuwahi kukosekana tukalala kwenye foleni na madumu? Unasema kisichonguruma hakina nguvu. Treni ya umeme si inapita hapo hapo Morogoro, na wewe si uliipanda kwenda Dar kwa daktari, na Mama akaniambia ulikoroma toka stesheni mpaka stesheni? Friji hilo lilikubeba vizuri tu! Mpe Shaibu kona. Mpe ile ya karibu na mlango, si ile ya shimo la mafuta. Bodaboda zake nazo zina beringi, na wa kumfundisha kuisikia si kompyuta, ni wewe.

Najua utasema utamfundishaje na masikio yameshakwenda. Nataka nikwambie hilo wazi, Baba, ingawa litakuuma. Masikio yako yameondoka na dizeli. Miaka arobaini kichwa kimelala juu ya injini za watu, hukuwahi kuyaziba hata kwa pamba. Unaitetea kama ndugu, lakini ilikuchukulia kitu ulichokuwa unakipenda kuliko vyote, na mimi nina hasira nayo. Nimeshasema. Unisamehe.

Sasa jambo la mwisho, ndilo lililonifanya nikae kuandika. Siku ile ya beringi, watu walipotawanyika, yule mzee Lasse akaja akaniomba mti. Sikujua, kumbe naye sikio moja limekufa kabisa na la pili limebaki kidogo, kwa dizeli hiyo hiyo. Miaka yote alikuwa anaficha. Hakuuweka mti sikioni. Aliushika kwa meno. Akauma ncha moja, ncha nyingine akaiweka kwenye ile kompresa, akafumba macho. Akakaa hivyo. Kisha akaitikia kwa kichwa na kusema, "Där." Yaani, hapo. Akaniambia meno yanaipeleka sauti kwenye mifupa, mlango mwingine, na kwamba hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka sita ya mwisho bila mtu kujua.

Mimi si daktari, sikuahidi kitu. Lakini huo mti nimeufunga kwenye kanga, anauleta jirani yetu Mwajuma anayekuja likizo. Ni mpini wa ufagio tu, usimcheke mwanao. Mwambie Shaibu awashe injini yoyote unayoipenda, hata ya dizeli, sikukatazi. Kaa mbali na feni. Weka ncha moja kwenye kichwa cha injini, nyingine uiume, ufumbe macho.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya presha siyo ya kugawia majirani. Nisalimie Shaibu, asikupigie kelele. Shangazi Mwanahamisi mwambie mitandio aliyoagiza iko kwenye begi hilo hilo la Mwajuma. Salma anasema shikamoo babu, ameiandika mwenyewe nyuma ya karatasi hii, herufi zimepinda lakini ni zake.

Mimi niko hapa, Baba, na sitoki. Uume huo mti, kisha uniandikie umesikia nini.

Mwanao, fundi,
Zuhura