Maman anaonekana kwenye televisheni, sauti haitoki

Maman Kamikazi, nakusikiliza redioni kila asubuhi na leo zamu yangu ya kulia imefika. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Kamembe, na mwaka jana nilimrekodi Maman Nyiraneza wa Cyangugu akimbariki binti yake siku ya harusi, sasa maman huyo amefariki na Jumamosi familia inaondoa kilio, yaani inamaliza matanga, wanataka wageni wote wasikie baraka ile, basi nikaichukua video kama ilivyotoka kwenye kamera, jina la faili liliishia na MOV, na kwa kuwa watu husema televisheni hupenda MP4, nikafuta MOV nikaandika MP4, nikaitia kwenye flash nikawapelekea bila kuijaribu, maman anaonekana, midomo inacheza, sauti hakuna, na kwenye kompyuta yangu anasikika vizuri kabisa! Mwanawe mkubwa, Vénuste, akanikabili mbele ya watu: "Weye njo ulifuta sauti ya maman yetu. Bantu batakuya samedi, tutabaonyesha nini?" Nikaipitisha WhatsApp, sauti ikatoka lakini uso wa maman umekuwa ukungu mtupu. Kadi ya kamera imejaa na Jumapili nina harusi nyingine, nimechoka, nataka niifute kadi niwaambie faili iliharibika. Nifanyeje?

Benitha, Kamembe

Benitha, ole wako ukiigusa kadi hiyo! Pole kwa aibu, lakini uliitafuta mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, nawe ulikuwa umebeba baraka yenyewe mkononi.

Sikiliza. MOV na MP4 ni vyombo tu. Ndani mna picha na sauti, na kila moja imefungashwa kwa namna yake, ndiyo mafundi huiita kodeki. Ukihamisha sambaza, vile visamaki vya ziwani, wakiwa wabichi kutoka beseni kwenda sahani, hawajakaangwa. Wewe hata hukuhamisha, ulibadili jina la beseni. Televisheni ya akina Vénuste inaijua kodeki ya picha, ile ya sauti haiijui, ikanyamaza. Kompyuta inazijua zote. WhatsApp ilikubadilishia sauti, ila ikaikamua picha iwe nyepesi, na kilichokamuliwa hakirudi.

Leo hii nakili faili ya kamera mahali pawili. Fungua programu ya kubadilisha video, chagua MP4, picha iache ilivyo, sauti peke yake igeuze iwe AAC, kodeki ambayo televisheni nyingi huijua. Kadi ya Jumapili azima kwa mpiga video mwenzako, kiburi weka kando.

Na ule uongo wa faili kuharibika ungemzika maman mara ya pili. Ijumaa nenda Cyangugu na faili hiyo mpya, uijaribu kwenye televisheni ileile. Mwambie huyo mwana mkubwa, "Papa Vénuste, kosa ni langu, sikuijaribu." Usijitetee zaidi. Mwekee kiti, ongeza sauti, utoke nje, amsikie mama yake kabla ya wageni.